Historia ya Melkiori Fabian Kobelo, Mtunza Uwanja wa Janga, Isomwayo Kabla ya Kaburi Kumalizika

Mzee wetu Mwinjuma na familia yako, Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, Shehe wetu wa Janga, wanamichezo wa Mlandizi na wa Kibuta, ndugu na majirani wote mliotoka makwenu asubuhi hii ya Alhamisi tarehe 7 Machi 1985, poleni kwa msiba. Mnaona wenyewe kwamba majembe yamelazwa chini na kaburi limefika kiunoni tu, na wengi mmeulizana kuna nini, basi wala hakuna mwamba uliogongwa humo shimoni, ila marehemu mwenyewe aliagiza historia yake isomwe yote kabla hajashushwa, na mwenye ardhi hii naye ameagiza hivyo hivyo. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa sababu lililomo mwishoni ndilo litakaloamua kama tutamzika hapa ama tutambeba kwenda kwingine. Anayewasomea ni mdogo wake, Mwalimu Anselmi, kwa niaba ya familia.

Marehemu Melkiori alizaliwa tarehe 11 Novemba 1931 huko Matombo, milimani Uluguru, mtoto wa kwanza wa Mzee Fabian Kobelo na Mama Margareth, wote wawili wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwezi uliofuata, na alisoma katika shule ya misheni ya hapo hapo tangu mwaka 1940 hadi 1944, alipohitimu darasa la nne. Hakuendelea, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu, na Melkiori alisema apewe huyu mdogo ambaye kifua chake hakikufaa kubeba mizigo, hivyo ualimu wa anayewasomea umetoka mgongoni mwa huyu aliyelala hapa. Tunalisema hili mapema ili msije mkadhani, mtakapoyasikia ya mbele, kwamba familia yake haimpendi.

Mwezi Mei 1950, akiwa na miaka kumi na minane, aliteremka kuja kukata mkonge katika shamba moja karibu na Mlandizi, akaukata miaka sita, na makovu ya miiba yake wale waliomwosha jana wameyaona. Tarehe 3 Septemba 1956 aliajiriwa kuwa mtunza bustani bomani Kisarawe, na hapo akakutana na msimamizi wake, Mzee Saburi, aliyemfundisha kazi ya majani tangu kupanda vipande kwa mkono, kushindilia, kumwagilia kabla jua halijachomoza, hadi kukata kwa fyekeo lililonolewa mpaka linyoe nywele za mkono. Mzee Saburi alikuwa na neno moja ambalo marehemu alilirudia maisha yake yote hadi likatuchosha, kwamba majani hayana haraka, mwenye haraka ni mtu.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, uwanja wa Kisarawe aliokuwa ameutunza kwa ajili ya sherehe ulijaa watu kutoka Kibuta, Maneromango na kila upande, wakacheza ngoma mpaka jua likazama, na Melkiori alishangilia kama wengine, ila mkewe anasema kila baada ya muda alikuwa akiinamisha kichwa kuangalia miguu ya watu, na keshoye alianza kupanda upya, kazi iliyomchukua miezi mitatu. Alisema nchi imekuwa yetu na majani pia yamekuwa yetu, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuyapanda.

Mke tunayemtaja ni mama yetu Justa, aliyefunga naye ndoa takatifu Jumamosi tarehe 27 Septemba 1958 hapo hapo Kisarawe, na Mungu akawajalia watoto watatu, Margareth aliyezaliwa mwaka 1959, ambaye ni muuguzi, Wilfred aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye ni fundi umeme, na wa tatu, wa kiume, aliyefariki mwaka 1966 akiwa na miezi saba na kuzikwa Kisarawe. Marehemu hakuwa mume mwepesi, alikuwa mkimya, mkaidi, mwenye kununa siku nne kwa jambo la nusu siku, na Mama Justa ameturuhusu kulisema hilo, akaongeza kwamba hata hivyo hakupata kumnyima chakula wala kumwinulia mkono.

Mwaka 1972 ofisi zilipopangwa upya, nafasi yake bomani ilifutwa, akaishi kwa vibarua, na mwezi Agosti 1974, wakati wa kuhamia vijijini, yeye na familia wakapangiwa kiwanja hapa Janga. Wenyeji mnaukumbuka mwaka ule, mvua ilikataa, mihogo ikanyauka ikiwa ardhini, tukala unga wa njano wa msaada kwa kupanga foleni, na redio ikatangaza kilimo cha kufa na kupona. Ndipo katika mkutano wa kijiji wa Januari 1975, Melkiori Kobelo, mgeni wa miezi mitano, alisimama na kuomba kwamba badala ya zamu yake katika shamba la ujamaa apewe kazi ya kuotesha majani katika uwanja wa mpira, maana vijana wetu walikuwa wakicheza juu ya changarawe na kurudi nyumbani magoti yamechunika kama samaki aliyeparwa magamba.

Mkutano ulicheka, kisha ulipoelewa kwamba majani yenyewe ni ukoka, ukaacha kucheka. Kwa mkulima wa hapa ukoka ni adui wa kurithi, unaung'oa leo na kesho umekwisha kutambaa chini kwa chini na kuibukia katikati ya karanga, na mtu aliyeuacha shambani kwake masika moja tu husemwa ni mvivu mpaka kaburini. Mzee Mwinjuma, ambaye shamba lake limepakana na uwanja upande wa kusini, hapa tuliposimama, alimwambia mbele ya watu wote, "Mwanangu, sisi huo ukoka tunautafuta kwa jembe tuutoe roho, wewe unataka kuunywesha maji? Mwenye akili timamu hapandi adui." Melkiori akajibu, "Shikamoo mzee, adui yako nitamfunga kamba," na siku iliyofuata akaanza kuchimba mtaro kati ya uwanja na shamba, wenye kina cha kufika gotini na urefu wa hatua mia na kumi, na kila siku ya Mungu kabla ya kunywa chai aliupita mtaro ule kwa panga akikata kila jani lililochungulia ng'ambo.

Kwa miaka miwili mtaro ulishika. Mwezi Aprili 1977 mama yetu mzazi alifariki, marehemu akaenda Matombo kwa wiki tatu, tena masika ilikuwa imekolea, na aliporudi ukoka ulikuwa umevuka na kula robo eka ya karanga za Mzee Mwinjuma. Alipiga magoti katika shamba hilo siku tisa, peke yake, akichambua mzizi kwa mzizi, na alipomaliza alikwenda kwa mwenyekiti akaweka ahadi iliyoandikwa katika daftari la kijiji, kwamba ukoka ukivuka mara ya pili, uwanja wote ulimwe na kupandwa mihogo. Haukuvuka tena. Majirani hawa wawili wakaishi hivyo, wakisalimiana vizuri, wakipelekeana futari na pilau ya Krismasi, na kila mmoja akiuangalia mtaro ule kwa jicho la pembeni.

Uwanja nao ukawa uwanja. Timu yetu ya Mwenge wa Janga, iliyokuwa ikidharauliwa hadi Maili Moja, ikajifunza kupiga pasi za chini kwa sababu mpira sasa ulikwenda ulikotumwa, na mwaka 1981 ikafika fainali ya daraja la tatu ya mkoa, ipambane na Vijana wa Kibuta kutoka Kisarawe, mshindi apande daraja. Langoni alikuwepo Mbaraka, mtoto wa Mzee Mwinjuma, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye viongozi wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kumwandikia barua afike kwa majaribio mwezi Februari. Marehemu alimpenda sana Mbaraka, alimpigia mipira ya mazoezi yeye mwenyewe akiwa na viatu vya matairi, na Mama Justa anasema hata Wilfred alipata kumwonea wivu.

Doa la uwanja lilikuwa magolini. Hakuna ukoka unaostahimili golikipa, mbele ya milingoti yote palikuwa vumbi tupu, na kila alipopanda palikanyagwa. Ndipo mwezi Agosti 1981 afisa utamaduni wetu wa wakati huo, Ndugu Matano, mtu mchangamfu, mpenda maendeleo, aliyeupenda mpira kuliko chakula, alikuja na lori likiwa na mikeka kumi na sita ya nyasi za plastiki, ambayo kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeitandika bandani kwake wakati wa maonyesho ya Sabasaba na kuiacha ilipofunga mizigo. Kijiji kizima kilitoka kuishangaa, watoto wakaibusu, mbuzi mmoja akajaribu kuila akaghairi, na Ndugu Matano akaeleza kwamba Ulaya watu wamekwisha kuacha kuhangaika na majani ya Mungu, kwamba mikeka hii itafunika magoli mawili, nane huku na nane kule, na fainali ikienda vizuri ataomba mingine Sabasaba ijayo mpaka uwanja wote uvae, na ukoka ung'olewe mara moja basi.

Mnalokumbuka wote ni jinsi wakulima walivyofurahi. Mzee Mwinjuma aliikanyaga ile mikeka kwa miguu mitupu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa njaa, akasema, "Haya ndiyo majani ya wastaarabu, hayazai, hayanywi, wala hayatembei." Melkiori alipinga, akasema plastiki inashika moto wa jua, akasema mchanga wa goli la kusini haushiki kigingi, akasema goli si sebule, lakini alisema kwa kununa kama kawaida yake, na mtu anayenuna hata akisema kweli husikika kama mwenye wivu. Akaambiwa asipinge maendeleo, na yeye ndiye akapewa kazi ya kuitandika na kuikagua, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kupigilia kitu kikanyooka. Alichonga vigingi vya mninga arobaini na nane, akavipiga vyote, akaenda nyumbani asile.

Sasa tunafika pale ambapo marehemu alitaka tufike. Haya marehemu aliwaambia watu wawili tu kwa kinywa chake, Mama Justa, aliyeambiwa mwaka ule ule, na mdogo wake huyu, aliyeambiwa tarehe 20 Februari mwaka huu pale wodini, na tumeyaandika kama alivyoyasema, bila kupunguza na bila kupamba.

Fainali ilichezwa hapa Jumapili tarehe 17 Januari 1982. Saa kumi na mbili asubuhi Melkiori alikwenda uwanjani kama desturi yake, na nyundo yake ya mti mkononi, akagonga vigingi vya goli la kaskazini kimoja kimoja, akavuka, akaanza vya goli la kusini, na cha tatu kutoka mlingoti wa kulia akakikuta kimeinuka urefu wa kidole, na ukingo wa mkeka umeinuka pamoja nacho. Alisimama juu yake. Alijua kwamba pigo moja la nyundo lilitosha, na alijua pia kwamba mechi ikienda salama, kabla ya mwaka kwisha atasimama pembeni kutazama ukoka wake wa miaka saba uking'olewa na watu wanaoshangilia. Akajiambia mpira utagonga ule ukingo na kuruka ovyo mbele ya mgeni rasmi, watu watacheka, Ndugu Matano ataaibika, na mikeka itarudi ilikotoka. Hakumfikiria mtu, alifikiria mpira tu, hivyo ndivyo alivyosema, na akasema tena kwamba jambo hilo halimpunguzii kitu. Akatia nyundo kwenye gunia, akarudi nyumbani, akanywa chai.

Kipindi cha kwanza Mwenge walilinda goli la kaskazini, kikaisha bila kufungana, na jua la Januari lilikuwa linawaka hadi wachezaji wa akiba wakajifunika taulo. Kipindi cha pili wakahamia kusini. Melkiori alikuwa amekaa nyuma ya goli lile, na anasema kila Mbaraka aliporudi nyuma hatua moja, roho yake ilirudi nyuma hatua kumi, mara tatu aliinuka ili amwite refa, na mara tatu akakaa, maana angeitwa kueleza kwa nini hakukigonga asubuhi. Dakika ya sitini na nane mshambuliaji wa Kibuta aliachiwa pasi ndefu, Mbaraka akatoka kuifuata, na ncha ya kiatu chake ikaingia chini ya ule ukingo. Mguu ulibaki, mwili ukaenda. Waliokuwepo wanasema mlio wa mfupa ulisikika hadi kwa mshika kibendera wa ng'ambo, mpira ukajiviringisha taratibu hadi wavuni, na hakuna hata mtu wa Kibuta aliyeshangilia.

Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili na goti likateguka, akalazwa miezi minne, na barua ya majaribio ya Dar es Salaam tunaamini bado anayo. Leo ni fundi wa baiskeli Maili Moja, fundi mzuri, mwenye heshima zake, na anatembea kwa fimbo.

Ghadhabu yote ilimwangukia Ndugu Matano. Siku ile ile watu waliing'oa mikeka wakaichoma moto, moshi wake mweusi ukanuka hadi Jumanne, akaitwa muuaji wa vijana, na baada ya miezi miwili akahamishiwa kusini, akaondoka asubuhi bila kuagwa na mtu hata mmoja. Melkiori, kwa upande wake, aligeuka mtume. Kila aliyempita njiani alimwambia ulisema, sisi ni wabishi, ulisema, na kila neno la kumsifu, alituambia, lilikuwa linaingia tumboni likikwaruza. Alimpeleka Mbaraka hospitali kwa baiskeli kila wiki, alimshika mkono akimfundisha kutembea upya juu ya ukoka, alimkatia mama yake kuni mwaka mzima, na watu wakasema hakuna Mkristo kama huyu. Mama Justa alimkuta mara mbili analia chooni kwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye hakungoja kuumbuliwa, lakini alichelewa mno, na sisi ndugu zake tulipoambiwa tulimkasirikia, hatutasema uongo mbele ya jeneza.

Lililomwelemea kupita yote ni wema. Mwezi Juni 1982 Mzee Mwinjuma alikuja mwenyewe na jembe begani, akaufukia ule mtaro wote, hatua mia na kumi, akasema, "Ulituonya tukakucheka, na mtoto wangu kalipia. Toka leo, wacha ukoka uje," akatoa na ukanda wa hatua kumi na mbili wa shamba lake ili uwanja upate urefu unaotakiwa. Kisha tarehe 2 Oktoba 1983, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wanne, akampa marehemu sehemu hii ya kaburi, yeye na mkewe, akisema mtu mwema asizikwe ugenini, na hapa pasiwe ugeni kwake. Melkiori alishika mkono wa mzee akashindwa kusema, na wote mkadhani ni furaha.

Marehemu alianza kuugua mwezi Mei 1984, koo likawa linauma akimeza, akatibiwa Hospitali ya Tumbi, akapelekwa Muhimbili mwezi Septemba ambako aligunduliwa kuwa na kansa ya koo, akapata matibabu na nafuu ya miezi miwili, akarudi kukata majani yake kwa zamu za dakika kumi kumi, na tarehe 12 Februari mwaka huu akalazwa tena Tumbi. Alifariki dunia Jumanne tarehe 5 Machi, saa tisa na robo mchana, mkewe na binti yake wakiwa kando, baada ya kupokea sakramenti. Sauti ilikuwa imekwisha kumtoka siku sita kabla, na neno lake la mwisho aliliandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki, nalo, akimkusudia Mzee Mwinjuma, linasema, "Asinizike kwa sababu ya uongo. Asomewe kwanza."

Familia iligawanyika. Mama Justa alisema jana, na ametukubalia tumtaje, "Mlazeni kwanza mume wangu, akishatulia chini ndiyo mseme hayo yenu, mnataka maiti ifukuzwe?" na wengine tukaona ana haki, maana hakuna fedheha kama jeneza lililorudishwa njiani. Lakini Margareth alisema baba hakuomba kuzikwa, aliomba kusomwa, na tukakubali.

Haya yanayofuata, pamoja na salamu za mwanzo, yameongezwa leo pembeni mwa karatasi, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, ndiyo iliyokuwa mfukoni. Saa moja asubuhi, kwa kuwa si adabu kumshtukizia mzee mbele za watu, mdogo wa marehemu alimfuata Mzee Mwinjuma hapa hapa, akiwa anawasimamia vijana wanaochimba, Mbaraka naye akiwa kando yake, akawaeleza yote kuanzia kigingi. Mzee hakukatiza. Alipomaliza kusikia, aliwaambia vijana waweke majembe chini, akakaa juu ya udongo uliochimbuliwa, akasema, "Kasifiwa mbele za watu, basi na hili lisomwe mbele za watu. Mkishasoma, nitasema langu." Mbaraka alichukua fimbo yake akaenda uwanjani, na wale mnaokaa upande ule mnamwona hadi sasa amesimama pale goli la kusini, ametupa mgongo.

Ndugu Matano tulimwandikia barua huko kusini tarehe 22 Februari, kwa maneno ya marehemu mwenyewe, kumwomba radhi kwa jina alilopakwa, na jibu halijafika. Yeyote kati yenu aliyemwita muuaji, na tulikuwa wengi, akiwemo anayewasomea, ajue kwamba alimwonea.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Tumbi na wa Muhimbili, waliompa dawa zilipokuwepo na maneno mazuri zilipokosekana, kwa Baba Paroko, kwa Shehe aliyeahirisha shughuli ya madrasa ili watoto wasipite karibu na msiba kwa kelele, kwa akina mama wa Janga waliopika siku mbili bila kuuliza unga utatoka wapi, kwa wazee waliofanya naye kazi bomani Kisarawe, kwa wachezaji wa Mwenge waliokesha na mwili, na kwa Vijana wa Kibuta waliosafiri tangu alfajiri na ambao leo wamesikia kwa mara ya kwanza kwamba goli lile lilifungwa na nani. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, tupokeeni hivyo hivyo.

Shukrani ya peke yake ni kwa Mzee Mwinjuma, mkewe Mama Zubeda na mtoto wao. Mzee, ardhi ni yako, na uliyempa si huyu tuliyemsoma. Lori la kukopa limesimama barabarani likiwa na mafuta ya kufika Mlandizi, na Baba Paroko ametuachia nafasi katika makaburi ya parokia, kwa hiyo usiogope kwamba ukikataa tutahangaika, wala usikubali kwa kuonea haya hawa watu, sema lililo moyoni mwako na la mwanao, na lolote utakalolisema tutalipokea bila kinyongo, sisi na watoto wetu. Tukikaa kimya sasa ni kukungoja wewe.

Kaka Melkiori, hatujui bado utalala wapi leo, ila ulichokataa kulala nacho tumekisoma chote. Pumzika kwa amani.